Mbwa Ana Jina, Babu Hana

Mpwa wangu Wakesho, hujambo na hilo tumbo? Hapa Houston jua linakaanga yai juu ya gari.

Leo nimeona makumbusho ya ile meli ya abiria iliyovuka Atlantiki miaka mingi, ikazamishwa vitani. Kwenye orodha ya waliozama nayo, hata mbwa wa tajiri ameandikwa jina! Babu yangu Mwakio, aliyechochea makaa humo mpaka nahodha akamsihi apunguze, meli isipae, kaandikwa "na wengineo".

"Dada, wengineo ndio nani?" nikamuuliza mwongozaji.

"Wachochea makaa tu, mzee."

Tu! Nimelitangaza jina la Babu mle ndani hadi mlinzi akanitoa nje.

Ukijifungua wa kiume, mwite Mwakio. Tuone nani atamwita wengineo.

Kula ushibe, mwanangu.

Mjomba wako