Sehemu ya Tatu Nimeiona

Muscat

Mdogo wangu Gwakisa,

Ugonile. Natumaini umeamka salama, mkeo pia, na kwamba mguu wa Mama haujaanza tena kuvimba kwa mvua za huko. Mimi ni mzima. Bibi ninayemtunza naye ni mzima, ila siku hizi hali chakula mpaka awashiwe filamu ya majambazi. Tumeshaziona za dunia nzima, na hiyo ndiyo shule niliyosoma huku. Naandika kwa karatasi, utaletewa na jirani yetu wa Talatala anayerudi likizo, kwa sababu ujumbe wa simu wewe huusoma nusu kisha ukanirudishia kidole gumba.

Uliniomba niitazame sehemu ya tatu ya filamu yako ya Mzee Sukari kabla hujaionyesha uwanjani Ndandalo, nikupe hukumu "kama mtu baki, siyo kama dada". Haya, mtu baki anaanza.

Sehemu ya kwanza ilistahili sifa zake. Wale vijana wanaovusha magunia ya magendo mto Songwe, maji yamewafika kifuani, na Mzee Sukari yuko ng'ambo anakula kambale wake wala hageuki kuwatazama, pale nilitishika kweli. Naambiwa bodaboda wa Kasumulu hadi leo wanatembea kama yeye. Ya pili ilikuwa bora zaidi, maana aliyemsaliti alikuwa mkwewe, na alimsaliti huku akimnawisha mikono.

Hii ya tatu umeiua kabla hujamuua Mzee Sukari. Mpelelezi wako kutoka Dar havui miwani ya jua hata chumbani, ndiyo maana hapati ushahidi. Bastola ni ya mbao, na rangi imebanduka pale inaposhikwa. Mzee Sukari mwenyewe, mtu aliyemtosa shemeji yake mtoni, sasa ameokoka, anahubiri kwa muda mrefu kuliko alioibia. Bibi akaniuliza, "Huyu mwizi kachoka, au aliyemtunga ndiye kachoka?" Nikamwambia aliyemtunga ni mdogo wangu. Akasema, "Basi mpe pole."

Kisha Mzee Sukari akauawa, kikaja kipande cha maziko.

Bibi akaacha kutafuna. "Hawa sasa ndio waigizaji," akasema. "Mtazame yule mwanamke anayeshikwa kwapani. Kulia namna ile hakufundishwi."

Mimi nilikuwa nimeshamwona huyo mwanamke. Alivaa kitenge cha bluu nilichomtumia mwenyewe. Nyuma yake ilikuwa migomba yetu, na ule mti wa kokoa ulioinama kando ya jiko.

"Nani kafa hapa, mwanangu?"

"Baba yangu."

Bibi akachukua rimoti, akaisimamisha filamu. Baadaye akauliza kama nataka kurejesha nyuma. Nikarejesha.

Unajua ruhusa yangu ya kusafiri ilitoka Baba ameshazikwa. Nilikuomba picha, hata moja. Ukaniambia hakuna aliyepiga, mlikuwa na majonzi. Kumbe kamera zilikuwa mbili, moja imepandishwa juu ya paa la jiko. Majonzi yenu yalikuwa na mpangilio mzuri sana. Nimemwona Baba akishushwa kaburini kwa mara ya kwanza, na mahubiri ya mchungaji umeyafuta, umeweka ngoma za kutisha na sauti ya adui wa Mzee Sukari akisema, "Kalale, mwizi. Hata funza watakutapika." Anaambiwa Baba, mtu aliyekuwa akiazima ndoo ya jirani anairudisha haijakauka.

Najua utajitetea kwamba umati wa msiba wa kwetu hakuna mtayarishaji anayeweza kuukusanya. Ni kweli. Ndicho kipande pekee kizuri katika filamu nzima, na ndicho pekee ambacho hukumwelekeza mtu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba ukikate. Umemwandalia Mama kiti cha mbele kama mgeni rasmi na hujamwambia kilichomo. Amsikie mumewe akiitwa mwizi mbele ya kata nzima, watu wakipiga makofi. Ukikionyesha, mimi na wewe basi. Hata nikifa usije kunizika, maana utakuja na kamera.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikampigia Mama nimweleze mwenyewe, nimkataze kwenda.

"Anaonekana?" akauliza.

"Nani, Mama?"

"Baba yako. Wanapomshusha. Siku ile walinishika kwapani wakanigeuza uso. Sikuona."

Nikamwambia anaonekana vizuri. Nikamweleza na yale maneno ya funza.

"Huyo anayesema ni nani?"

"Mwigizaji tu."

"Mwambie Gwakisa amnyamazishe. Mimi nitakwenda, nitakaa hapo mbele. Ndaga kwa kunieleza, mwanangu."

Basi hukumu niliyoandika hapo juu isome mara mbili, lakini usiitekeleze.

Msalimie shangazi Tusekile, mwambie nimeona alivyomlilia kaka yake. Msalimie mjomba aliyeshika kamba ya mbele, hakutetereka hata kidogo. Mkeo pia msalimie, yeye nimemwona akiitazama kamera.

Rudisha sauti ya mchungaji. Toa ngoma, toa funza. Kipande hicho kiache kirefu kama kilivyokuwa siku ile, usikiguse tena. Filamu iliyobaki ndiyo uikate yote.

Ni mimi dada yako, ambaye hakuwepo,

Tumpe