Muhogo Kwenye Beseni la Kuogea

Jumanne, 15 Julai. Asubuhi mawingu, hewa nzito kama ya sufuria iliyofunikwa.
Nimesugua beseni la kuogea mara tatu, kwa chumvi na ndimu. Nimemenya muhogo, kilo kumi na mbili. Maji yameingia saa moja na dakika kumi. Siku nne kamili, hadi Jumamosi. Siku hiyo mama mkwe anafika kutoka mji wa DeSoto. Mwaka jana nilimpa chikwange ya dukani, ule mkate wa muhogo wa kufunga kwa majani, na kanisa lao zima likajua. Safari hii ataonja mkono wangu. Mume wangu, Baba Neema, ameuliza ataoga wapi. Nimemwonyesha ndoo.

Jumatano, 16 Julai. Manyunyu.
Povu limeanza. Vizuri. Baba Neema ameenda kazini bila kuoga. Amenuna.

Alhamisi, 17 Julai. Jua kali.
Harufu imefika ngazini. Karatasi mlangoni: kesho saa nne meneja wa jengo anakagua nyumba zote. Mkataba wetu unaisha mwezi ujao, na yeye ndiye anayeamua nani abaki. Baba Neema anasema tumwage. Nimekataa. Naogopa, lakini namwogopa mama yake zaidi.

Jioni akabisha Bi Carol wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Nikajua analeta malalamiko. Akanusa, akaomba kuona. Akafurahi kama aliyekutana na jamaa yake. Eti Waingereza wa zamani walikuwa na neno la kazi hii hii: ret. Kulaza kitani bwawani hadi nje yake ioze, nyuzi ziachie. Limetoka wapi? Wataalamu hawana hakika. Huenda kwa Waholanzi. Huenda ni ndugu wa neno lao la kuoza. Alieleza dakika arobaini. Maharage yangu yaliungua.

Ijumaa, 18 Julai. Joto tangu alfajiri.
Meneja alipoingia, Bi Carol alikuwa kwenye kochi langu. Sikumwalika. Meneja akauliza ni nini kimekufa humu.

"Keti," Bi Carol akamwambia. "Hiyo harufu ina ukoo."

Akaanza na Waholanzi. Alipofika kwenye tofauti ya kuozesha kwa bwawa na kwa umande, meneja alikuwa keshashika kitasa. Akasema bafuni atarudi kukagua saa nane.

Kwa Bi Carol walishakagua asubuhi. Baba Neema akateremsha muhogo kwa ndoo, safari sita, hadi kwenye beseni lake. Nikasugua letu. Saa nane meneja alichungulia kwanza kama mwalimu yupo. Akaona beseni linang'aa. Akatia saini fomu ya ukaguzi.

Jumamosi, 19 Julai. Upepo kidogo.
Nimeutoa muhogo kwa Bi Carol, nimetwanga, nimefunga, nimepika kwa mvuke. Mama mkwe akatafuna taratibu.

"Mama Neema," akasema, "huu muhogo umehama nyumba."

Akachukua kipande cha pili. Kisha cha tatu. Kesho kanisani atawaambia. Sijui atawaambia nini.

Jumapili, 20 Julai. Mbingu nyeupe, tulivu.
Mama mkwe ameondoka mapema kuwahi kanisa lao, na chikwange nne kwenye mkoba. Hakuaga kwa maneno mengi. Nimejaza beseni maji ya moto, nikajilaza humo hadi vidole vikakunjamana. Bado lanukia muhogo kidogo. Nalala sasa, saa mbili na nusu usiku.