Siku Tuliyokata Mishahara Yetu Wenyewe

Jumatano, saa kumi alasiri. Lindi. Upepo wa kusi unavuma tangu asubuhi, hata jua limeshindwa kuchoma.

Nimekosea neno la siri la blogu hii mara tatu.  Nimekunywa maji, nimezunguka chumba, nimekaa, nimesimama tena. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, na cha ajabu ni kwamba leo mshahara wangu umepunguzwa.

Nimeupunguza mwenyewe, kwa sahihi yangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiacha hivi hata mimi nikisoma mwakani sitaelewa.

Nafundisha jiografia kwenye chuo kikuu kidogo cha binafsi, nje kidogo ya mji. Hatuna serikali nyuma yetu wala tajiri. Tunaishi kwa ada za wanafunzi na kodi ya mabweni, basi. Korona ilipoingia na vyuo vikafungwa, wanafunzi waliondoka ndani ya siku mbili, magodoro vichwani. Mabweni yakabaki na popo. Mwezi huu tumefunguliwa, na waliorudi ni wachache. Wasiorudi hawakugoma. Mwanafunzi anayetoka kwetu Kitomanga ada yake iko ndani ya ufuta, na mwaka huu wanunuzi wamechelewa kuja. Hilo nalijua vizuri kwa sababu ufuta wa baba yangu nao bado uko ndani, kwenye magunia, sebuleni.

Wiki iliyopita tukasikia kuna orodha. Majina kumi na mawili, wote watu wa mkataba: walimu wa muda, fundi wa maabara, wapishi wa bweni, wahudumu wa maktaba. Mikataba yao inaisha mwezi huu na chuo hakitaiongeza.

Jina la tatu lilikuwa la dada Somoe.

Dada Somoe ni wa maktaba. Ametokea Kilwa Kivinje, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, lakini akiingia maktaba anaongea kwa macho tu. Nilipofika chuoni, mgeni, bila meza wala ofisi, ndiye aliyenipa kona nyuma ya kabati la ramani, akaniambia, "Kaa hapa, mwalimu. Mtu akikuuliza, sema umeazimwa." Nilikaa pale miaka mitatu.

Sasa nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu.

Miaka hiyo mitatu nami nilikuwa wa mkataba. Barua yangu ya ajira ya kudumu nimeipata Januari. Ina miezi mitano. Kama korona ingewahi kidogo, orodha ile ingekuwa na majina kumi na matatu. Na bado, jana jioni, nilipopata ujumbe kwamba kuna kikao cha wafanyakazi wa kudumu tu, wazo langu la kwanza halikuwa dada Somoe. Nilijisemea: alhamdulillahi, mimi niko ndani.

Nikapanga kunyamaza. Nilipanga kabisa, kama mtu anavyopanga nguo za kesho. Nitakaa nyuma, nitavaa barakoa, nitatazama mezani.

Kikao kikaanza saa tatu. Viti vimepangwa mbalimbali, madirisha yote wazi, upepo unapeperusha karatasi, kila mtu kaweka simu yake juu ya ajenda isiruke. Mkuu wa Chuo wetu ni mtu wa maneno machache. Akasema zipo njia mbili. Ya kwanza, hawa kumi na wawili waondoke na kazi zao zigawanywe kwa tuliobaki. Ya pili, sisi wa kudumu tukubali kwa maandishi kukatwa sehemu ya mishahara kwa mihula miwili, ili wabaki.

"Ya pili siwezi kumlazimisha mtu," akasema. "Sheria hainiruhusu, na hata ingeniruhusu nisingefanya."

Daktari mmoja wa idara ya biashara akasimama. Ninamheshimu, wala sitamtaja. Alisema, "Mimi nina mkopo. Benki haijui korona. Nikikatwa huku na wao wakikata kule, nyumbani wanakula nini?"

Hakuna aliyemcheka. Nusu ya ukumbi ina mkopo.

 Kisha sisi watu wazima tukatazama kalamu zetu. Nikamsikia afisa utumishi akifunga faili. Mkuu akavua miwani, akasema taratibu kwamba kama hakuna hoja nyingine, atachukulia kuwa kikao kimekubali njia ya kwanza.

Mkono wangu ukawa juu.

Naapa sikuuamrisha. Niliuona tu uko kule, na saa yangu imeteleza hadi kwenye kiwiko. Nikasimama, nikaongea, na hakuna aliyesikia neno kwa sababu ya barakoa na upepo. Mkuu akaniambia, "Mwalimu Hadija, hebu rudia, kwa sauti." Kurudia ndiko kulikonitisha, maana mara ya kwanza unaweza kusingizia kuteleza.

Nikarudia. Nikasema mimi hadi Januari nilikuwa mmoja wao, na kazi yangu ni ile ile niliyokuwa nikiifanya Desemba, karatasi tu ndiyo imebadilika. Nikasema tusikatwe sawasawa. Anayepata kingi akatwe zaidi, anayepata kidogo akatwe kidogo na aongeze saa za kazi: ashike maktaba, asimamie bweni, afundishe kipindi cha ziada. Na mwenye mkopo apewe nafasi ya kwanza kuzungumza na mhasibu kabla ya kusaini.

Nikakaa. 

Hapo akainuka Mzee Mbonde, mhasibu wetu, mtu wa Umatumbini, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Katika vikao vyote nilivyohudhuria sijawahi kumsikia akiongea bila kuulizwa. Alikuwa ameshabonyeza kikokotoo chake wakati mimi bado naongea.

"Ya mwalimu inawezekana," akasema. "Lakini haifiki mwisho wa muhula wa pili. Inaishia njiani." Akatazama karatasi yake, hakutazama mtu. "Itafika kama posho za viongozi nazo zitaingia. Na mafuta ya gari la Mkuu."

Jamani.

Nilisikia pazia likigonga dirisha. Watu zaidi ya arobaini waligeuka wakamtazama Mkuu, na Mkuu akamtazama Mzee Mbonde kwa muda ambao mimi niliuona kama kipindi kizima cha darasa. Kisha akacheka. Kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa.

"Andika," akamwambia afisa utumishi. "Andika na gari. Nyumba yangu iko karibu, nitatembea."

Ukumbi ukalipuka. Watu wazima, wenye shahada zao, wanapiga meza kama wanafunzi wa sekondari waliopewa likizo. Zikapigwa kura kwa mikono na afisa utumishi akaanza kuhesabu, akafika katikati, akaacha, akaandika tu kwamba wengi wameafiki, kisha akatugawia fomu za kukatwa, tulioafiki tukasaini. Yule daktari wa mkopo hakuinua mkono. Lakini tulipokuwa tunatoka nilimwona amesimama kwenye meza ya Mzee Mbonde, wameinamia karatasi moja, na mzee anamwonyesha kwa kalamu.

Mimi nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu netiboli ya sekondari. Wale kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye baraza ya maktaba tangu asubuhi, hawakuitwa, wanasubiri kuambiwa. Dada Somoe alikuwa ameshakusanya vitu vyake kwenye kikapu: kikombe, kanga, redio ndogo. Nikamwambia nikihema, maneno yamepishana, mnabaki, tumekubali kukatwa, mnabaki wote.

Mmoja wa wapishi akalia. Fundi maabara akainama, akashika kichwa. Dada Somoe akainuka na kikapu chake.

"Mmekatwa nyie?"

"Ndiyo, dada."

"Na sisi?"

"Nyie hamkatwi. Mnabaki vile vile."

"Nani alisema sisi hatuwezi kukatwa?"

 Nilikuwa nimetegemea kukumbatiwa, niseme ukweli. Njiani nilishauona mkumbatio wote kichwani. Badala yake mwanamke huyu akaweka kikapu chini na kuniuliza, bila hasira, "Mdogo wangu, mlikaa mle ndani saa mbili nzima mnatuongelea. Hata mmoja hakusema tuwaite, tuwaulize?"

Hakuna aliyesema. Hata mimi, mwenye kusimama na kujisifu kwamba hadi Januari nilikuwa mmoja wao.

Uso ukanichoma chini ya barakoa. Nikamwambia, "Samahani, dada." Akasema, "Samahani imepokewa. Twende."

Tukaenda wote, kundi zima, hadi ofisi ya afisa utumishi, ambaye alidhani kuna mgomo akasimama. Dada Somoe akamwamkia vizuri, akaomba fomu. Fomu gani? Ile ile waliyosaini wenzetu. Mzee Mbonde akaitwa. Akawaeleza kwa upole kwamba mishahara yao ni midogo, kuikata hakuongezi kitu cha maana.

"Kidogo, lakini ni changu," akasema dada Somoe. "Mzee wangu, mimi sitaki kubaki hapa nimebebwa. Mwakani mtu akikasirika ataniambia ulikula mshahara wangu. Nikate na mimi, halafu nikae kwenye vikao."

Mzee Mbonde akabonyeza kikokotoo chake. Akasema atawakata kiasi cha nauli ya siku moja, kisizidi, na kuhusu vikao hana mamlaka, lakini Mkuu anapita pale dirishani muda huu, kwa miguu, kwa hiyo wamuulize.

Wakamuuliza hapo hapo kupitia dirisha! Na Mkuu, jasho jembamba usoni, maskini, siku yake ya kwanza bila gari, akasema kikao kijacho waje.

Wakasaini mmoja mmoja. Mpishi aliyekuwa analia alisaini kwa herufi kubwa, jina lote la ukoo, hadi likatoka nje ya mstari.

Ndiyo sababu siwezi kutulia. Si kwamba mambo yamekwisha. Makubaliano ni ya mihula miwili, na ufuta usiponunuliwa wanafunzi hawatarudi, na tusipopata wanafunzi basi karatasi zote zile tulizosaini leo ni za kufungia karanga. Nalijua hilo. Nimempigia baba Kitomanga nimweleze kwamba sehemu ya fedha niliyoahidi kutuma kila mwezi itapungua. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Akauliza swali moja: "Huyo mkuu wenu kweli anatembea?" Nikasema kweli. Akaanza kumsimulia mama pale pale, kwa Kimwera, akanisahau kwenye simu. Nikawasikia wakicheka hadi salio likaisha.

Na kazi yangu ya ziada nimeshapangiwa. Maktaba, asubuhi, kabla ya vipindi. Chuo kilipofungwa ghafla, dada Somoe aliwaruhusu wanafunzi kuondoka na vitabu, bila fomu, akawaandika tu kwenye daftari lake. Sasa vinarudi. Vimekaa majumbani miezi, vina harufu ya moshi na ya samaki, na kila kimoja lazima kifutwe, kikaguliwe na kurudishwa mahali pake. Mimi ndiye msaidizi. Mhadhiri msaidizi wa jiografia, msaidizi wa dada Somoe.

"Saa moja na nusu," ameniambia langoni. "Ukichelewa nakuandikia barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho."

Hakucheka alipoisema. Akatembea hatua tatu hivi, kikapu mkononi, ndipo nikaona mabega yakitikisika.

Nitaweza vipindi sita na maktaba na masahihisho? Sijui. Kwenye kikao kijacho nitakaa pembeni ya dada Somoe, na akiinua mkono nitanyamaza nimsikilize. Hilo nimeliamua. Lakini kwanza kesho. Saa moja na nusu nataka anikute tayari mlangoni, nimekunja mikono ya gauni, kitambaa mkononi.