Sura Iliyosomwa Bila Nukta

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa riwaya yangu ya kwanza! Mhariri mkuu ameniwekea mswada mezani bila maelezo marefu: mjane anajifunza kuishi upya, kisha anapendwa. Amesema nikiufikisha salama kiwanda cha uchapaji, tutazungumza kuhusu kuthibitishwa kwangu kazini. Nimemjibu kwa utulivu unaomstahili mhitimu. Moyoni nilikuwa naruka.

Jambo moja tu — mume wa mjane huyo anafia hospitalini. Kama mchumba wangu. Sikulitaja. Kazi ni kazi.

Jumanne, 4 Machi

Hapa prufu, kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, hukaguliwa na watu wawili: mmoja husoma mswada kwa sauti, pamoja na alama zake zote, mwingine hufuatilia prufu kwa kalamu nyekundu. Mwenzangu ni msanifu wa kurasa, aitwaye Rula kwa sababu hata chai huikoroga kwa rula. Ananiita Profesa. Nilidhani ni heshima. Sasa nina mashaka.

Tamko la mapenzi amelisoma hivi: "Nakupenda, mkato, kuliko nilivyothubutu kusema, nukta, funga usemi." Nikacheka. Kwa sauti. Mhasibu akachungulia mlangoni kuhakikisha ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Sura ya kumi na mbili. Kitanda cha hospitali, mkono unaopoa. Zamu yangu ya kusoma. Katikati ya aya nikauweka mswada mezani.

Rula alizunguka meza, akauchukua mswada, akaendelea yeye, taratibu, hadi pale mjane anapofungua madirisha na jirani yake, fundi seremala, anapomuuliza kama anaweza kumpenda. Akaufunga mswada. Nikamsimulia habari za mchumba wangu, hata yale ambayo sijamwambia dada yangu.

"Pole, Profesa," akasema. Safari hii hapakuwa na utani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sijui nimefurahia nini. Najua vizuri sana nimefurahia nini.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Mhariri mkuu ametuita wote wawili.

"Sura nzima haina hata tone la wino mwekundu. Mmekuwa malaika au mlilala?"

Ni kweli: Rula alisoma bila mkato wala nukta, nami sikuishika kalamu. Katika ukurasa wa kwanza tu, jina la mjane limekosewa.

"Wasikilizaji sijaajiri," akasema. "Kesho mrudie, mmalizie na sura ya mwisho. Jumatatu kitabu kinaingia mtamboni."

Kesho! Jumamosi zangu ni za mama wa marehemu mchumba wangu. Mimi hula kwake, na sijawahi kukosa. Nikampigia simu.

"Kazi hiyo unaifanya na nani, mkwe wangu?"

"Na mwenzangu wa ofisini, mama."

"Mwanamume?"

"Ndiyo, mama."

"Sauti yako ina uhai leo," akasema, kisha akakata.

Je, akiacha kuniita mkwe? Kwake sina jina jingine.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amekuja. Mlinzi amempandisha ngazi, kapu mkononi. "Chakula changu hakijui habari za prufu," amesema. Kisha akamtazama Rula kuanzia viatu hadi nywele.

"Wewe ndiye mwenzake wa ofisini?"

Rula akasimama, rula ikaanguka. "Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Keti, usome. Nataka kuisikia kazi inayoninyang'anya Jumamosi yangu."

Akasoma, safari hii kwa kila mkato na kila nukta. Penye kitanda cha hospitali mama alifumba macho. Nikaendelea kusahihisha. Nilidhani atainuka aende. Seremala akauliza swali lake, sura ikaisha.

"Sasa? Mjane kamjibuje?"

"Jibu liko sura ya mwisho, mama," akasema Rula.

"Basi isomwe. Na asome binti yangu."

Binti. Hajawahi kuniita hivyo.

Nimeomba ruhusa ya kunawa uso; naandika haya kwenye ukingo wa sinki. Ng'ambo ya mlango namsikia akimuuliza Rula kama amekula. Hajala. Sahani zinagongana — anapakuliwa.

Mswada ninao kwapani. Sentensi ya kwanza ya sura ya mwisho ni jibu la mjane: ndiyo. Rula analijua, ndiye aliyepanga ukurasa. Nitalisoma kwa sauti, mbele ya mama, nikimtazama Rula —

Wananiita.