Laini Moja Aliyoibakiza Somoe

Shoga, Somoe wetu wa kituo cha simu kamkomesha yule injinia wa Dar! Kamkomesha!

Alipoleta mitambo ya kupitisha sauti kwenye intaneti, Somoe alimwonya: simu za zamani zinatumia betri za kituoni, hizi zako umeme ukikatika zinakufa. Injinia akamjibu mbele ya watu, "Bibi, nenda kalime mihogo kwenu Mahurunga."

Somoe akaenda kuhamishia laini kwenye mitambo mipya. Laini moja hakuihamisha.

Leo ndiyo uzinduzi, wageni wamejaa, umeme ukakatika! Simu mpya zote kimya. Injinia jasho linamtiririka.

Mara ile ya zamani ikalia. Ikalia, shoga! Somoe akaiacha ilie weee, ndipo akapokea.

"Injinia, ni bosi wako wa Dar. Anauliza mbona simu zako hazipatikani. Njoo, bibi akushikie mkonga wa simu."