Barafu Ni ya Samaki

Kaloleni, Kisumu

Kwako binti yangu Akoth,

Hujambo wewe huko Mfangano? Mumeo kifua kimemwachilia? Na kuku wangu, wako hai au mmeshawala? Nauliza mapema kwa sababu nikifika mbele nitasahau adabu. Mimi napumua. Achieng wako, mjukuu wangu, pia anapumua, ila si kwa raha.

Anayeniandikia ni jirani yangu Mama Nafula. Hajui Dholuo, kwa hiyo vumilia Kiswahili changu cha sokoni. Kwa simu singeweza. Wewe huweka spika, halafu kisiwa kizima kinajua.

Akoth, kazi ya mtoto imeisha. Na aliyeimaliza ni mimi mama yako.

Si unajua aliniita nimtunzie nyumba alipopata nafasi kwa timu ya mpira ya wasichana: kuwafunga bandeji miguuni kabla ya mechi, kuwanyoosha misuli, kukimbia uwanjani na begi la dawa mtu akianguka. Kocha alisema atamwangalia mpaka ligi iishe, ndipo ampe barua ya kazi. Lile begi alikuwa analala nalo kama mama aliyejifungua jana.

Jumamosi moja mshambuliaji wao, Atieno, akaanguka vibaya. Achieng akamleta kwetu, maana uwanja uko karibu. Akamfunga kifundo cha mguu, akaweka barafu juu, akaniambia, "Dani, asikanyage. Na asiguswe na mtu. Naenda kutafuta gari tumpeleke eksirei."

Mtu! Nilidhani mtu ni wengine.

Msichana alikuwa analia. Nikaitazama ile barafu. Tangu nizaliwe, barafu ni ya samaki. Unamwekea mbuta aliyekufa asioze, humwekei mtoto aliye hai. Na mikono yangu unaijua: huko kisiwani nani aliteguka mguu asiletwe kwangu? Nikafungua bandeji, nikachemsha maji, nikatia samli, nikakanda, nikavuta. Akapiga kelele. Nikamwambia, "Wewe ni mwanamke au kifaranga? Simama utembee." Akasimama kwa kunitii. Nikasikia kitu ndani ya mguu kimelia kama ukuni mkavu.

Haukuwa umeteguka. Mfupa ulikuwa na ufa, na mimi nikaumalizia. Wamemtia vyuma. Daktari anasema kutembea atatembea, mpira asahau. Nilienda kumwona, mama yake akanigeuzia mgongo. Sina neno naye.

Kocha akauliza nani alifungua bandeji. Achieng akajibu, "Mguu ule ulikuwa wangu." Basi. Jina langu hakulitaja, akafukuzwa. Nilipojua nikachukua fimbo yangu, nikaenda mpaka uwanjani. "Kocha, ni mimi. Mrudishe mtoto."

Akaniletea kiti. "Mama, sasa umemharibia zaidi. Kumbe alimwacha mgonjwa na mtu asiyejua."

"Mimi si mtu. Mimi ni dani, nyanya yake."

"Ndiyo hiyo shida, mama."

Ameuliza timu nyingine, mpaka Maseno. Habari ilimtangulia kila mahali. Hajanitukana hata mara moja, na hiyo ndiyo inaniua. Nilimwambia nirudi kwangu, akasema, "Dani, na nani atapika?" Akageukia ukuta.

Sasa nakuomba. Ulisimama kanisani ukashukuru kwa kazi yake. Simama tena useme imeisha, watu wasije kumuuliza akija Krismasi. Barua ya kazi usiitaje. Na usimtafutie mume, nitakuchapa na uzee wangu huu.

Mumeo msalimie, mwambie aache sigara. Auma mdogo wangu mwambie asikande tena mguu wa mtu kabla ya eksirei. Akibisha, msomee barua hii. Na mchungaji atuombee, ingawa sijui aombe nini.

Juzi goti langu lilifura. Nilinyamaza, lakini Achieng aliona ninavyotembea. Akalishusha begi kutoka juu ya kabati, mara ya kwanza tangu wamfukuze. Akaleta barafu kutoka kwa wauza samaki, akapiga magoti. Inachoma kama moto, Akoth, halafu maumivu yanalala. Kweli yanalala. Akanifunga polepole, vizuri, kama kuna mechi. Akasema, "Usiguse."

Sijagusa.

Ni mimi mama yako, mchezaji pekee aliyembakia Achieng.