Kaka Elia na Ubao wa Nyimbo za London

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu Ndeshi,

Shikamoo dada. Kabla hujaanza kumsomea mama barua hii, tafadhali ikunje, uisome kwanza peke yako, hata kama ni kule nyuma kwenye zizi la ng'ombe. Mwambie mwandiko wangu umeharibika na unahitaji muda kuufumbua. Natumaini miguu yake haivimbi tena, na kwamba upepo umewaachia migomba yenu. Shemeji amepona jino? Mimi mwilini ni mzima. Joto la huku ni lile lile, shati linaloa kabla sijafika dukani, lakini kwa hilo nisingekusumbua na karatasi zote hizi. Nakuandikia kwa ajili ya kaka Elia.

Anakuja huko. Atapanda basi la Moshi wiki hii, kwa hiyo barua itamtangulia kidogo tu. Nataka ujue yaliyompata, maana yeye hatasema, na sipendi uyasikie kwa watu wetu wa huku wakija likizo, watakaoyasimulia huku wanacheka.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba Elia ni mwimbaji wa kwanza Dar es Salaam nzima, na mama akawatangazia akina mama wote wa kanisani. Sikusema uongo. Ila sikukueleza huo ukwanza ulitoka wapi.

Bwana Maganlal, mwenye duka letu la gramafoni na santuri, ana mtoto anayesoma London. Kila wiki mtoto huyo humtumia baba yake gazeti la muziki kwa ndege. Ndani yake mna orodha ya nyimbo zilizonunuliwa sana Uingereza wiki ile, wa kwanza juu, nyingine zinafuata hadi chini, na pembeni ya kila wimbo pameandikwa ulikuwa wa ngapi wiki iliyopita. Mkuu wetu wa mauzo, Kitwana, mzaliwa wa hapa hapa Kariakoo, mtu wa suruali zilizopigwa pasi na maneno matamu, ndiye aliyesema orodha hiyo iandikwe kwenye ubao mlangoni. Mwenye mwandiko mzuri ni mimi, nikapewa chaki.

Dada, usingeamini jinsi watu walivyoupenda ubao ule. Makarani wa bandarini, Wagoa, vijana wa shule, washona nguo kutoka barazani, wote wanakuja siku ya gazeti. Ninaandika mstari mmoja, wanapiga kelele. Wimbo wa bibi fulani anayemlilia mchumba wake umekaa wa kwanza wiki nyingi, leo umeshuka hadi wa nne, watu wanashika vichwa kama wamefiwa. Wimbo mwingine wa mluzi, ambao wiki jana haukuwapo kabisa, umeruka ukaingia wa tano. "Huo utafika juu!" "Haufiki!" Wanawekeana dau la sigara na kofia. Wengi wao hata Kiingereza hawakijui, lakini wanajua nani amepanda London na nani ameanguka.

Kisha Kitwana akapata fikra yake. Akasema na sisi tuwe na orodha yetu, ya waimbaji wa kumbi za dansi za Kariakoo na Ilala. Kila anayenunua kikebe cha sindano za gramafoni apewe kizibo cha soda, akitumbukize kwenye kopo la mwimbaji anayempenda. Siku ya gazeti vizibo vinamwagwa mezani, na majina yanaandikwa chini ya yale ya London. Bwana Maganlal alipoona sindano zinavyotoka, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Elia alianza wa kwanza. Unaijua sauti yake, nyimbo zake za polepole, zile zinazowafanya watu wacheze bila kusema. Wakati ule hata London nyimbo za polepole ndizo zilizotawala, na watu wetu walimwona Elia kama mtu wa London aliyezaliwa mlimani. Alikaa juu wiki baada ya wiki. Watu walimnunulia vinywaji. Akashonesha suti ya rangi ya maziwa. Akaacha kazi katika lile duka la yule mtu wa Marangu, ambako alikuwa akipima sukari na unga. Nilimwambia, "Kaka, shikilia kazi, uimbe Jumamosi." Akanijibu, "Mwimbaji wa kwanza apime unga? Watu wataniona vipi?"

Halafu gazeti likaanza kuleta mambo mengine. Vijana wa Kiingereza wenye magitaa, wanaopiga ubao wa kufulia nguo kama ngoma, wanaimba haraka haraka kama wanafukuzwa. Wakaingia chini ya orodha, wiki ya pili wakawa katikati, ya tatu wakawa juu. Nyimbo za polepole zikawa zinateremka kama mawe. Kila nilipoandika kwamba wimbo wa polepole umeshuka London, wiki inayofuata vizibo vya Elia vilipungua Kariakoo. Watu walewale waliolia machozi kwa sauti yake walisema sasa ni ya kizee.

Kijana mmoja wa Ilala aitwaye Juma, mwenye gitaa na miguu isiyotulia, akachukua nafasi ya kwanza. Elia akawa wa pili, akawa wa nne. Akaanza kujaribu kuimba kama Juma. Alikuwa anapiga mayowe chumbani kwake, maana anakaa nasi, mchana kutwa, mishipa ya shingo imesimama, mpaka wapangaji wenzetu wakagonga ukuta. Sauti yake, dada, haikuumbwa kwa mayowe. Ikaanza kukauka. Kisha ikaanza kukatika katikati ya neno.

Siku moja nafagia chumba chake, nikakuta chini ya kitanda chake vikebe vya sindano, vingi, vipya, havijafunguliwa. Sisi hatuna gramafoni. Hata redio hatuna. Alikuwa anakuja dukani nikiwa nimetumwa kupeleka mizigo Upanga, ananunua, anatumbukiza kizibo kwenye kopo lake mwenyewe. Aliingia akanikuta nimevishika.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Kila mwimbaji ana watu wake wa kumnunulia. Watu wangu mimi wako mlimani."

Nikavirudisha chini ya kitanda.

Lakini Kitwana alikwisha kujua. Alijua siku nyingi, akakaa kimya, akaendelea kumuuzia huku anamwita "bwana mkubwa". Alisubiri siku ya gazeti, watu wamejaa mpaka barabarani, Elia mwenyewe amesimama kati yao na suti yake. Kitwana akapanda juu ya kasha.

"Mabwana, leo nataka tumpongeze mteja wetu mkubwa kuliko wote! Huyu ananunua sindano kuliko Wazungu wote wa mjini. Nimetaka kumuuliza, bwana, gramafoni yako ni ya aina gani, tuje tukutazamie? Kumbe hana! Mtu hana gramafoni, ana sindano chumba kizima! Nisaidieni jamani, anashonea nini?"

Watu wakageuka wakamwona. Mmoja nyuma akapiga ukelele, "Anashonea koo lake!"

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Wanawake waliokuwa wakinunua vitenge duka la pili walitoka kuuliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakacheka. Elia alicheka pia. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba alijaribu kucheka nao, na kicheko kikakwama.

Jumamosi nilimsihi asiende ukumbini. Akaenda. Nikamfuata. Aliposimama tu mbele ya bendi, watu wakaanza kutoa mlio kwa koo zao, kule kukwaruza kwa sindano inayopita kwenye santuri iliyokwisha. Khrrr, khrrr, ukumbi mzima, wanaume kwa wanawake waliopaka poda. Akaimba hivyo hivyo. Alipofika ubeti wa pili sauti ikakatika, ikabaki pumzi tupu, mdomo uko wazi. Kiongozi wa bendi, ambaye alikula mezani kwetu Krismasi, hakumngoja. Alimwashiria Juma kwa kidole, Juma akaruka mbele na gitaa, na bendi ikageuza wimbo Elia akiwa bado amesimama pale. Watu wakacheza wakimzunguka. Ilibidi nimshike mkono nimtoe.

Nilidhani yamekwisha. Siku ya gazeti nikaandika orodha ya London kama kawaida, nikaandika ya kwetu mpaka nikafika mstari wa mwisho.

"Andika," akasema Kitwana. "Elia, wa mwisho. Na pembeni uandike: ametoka."

"London wimbo ukitoka hawauandiki," nikamwambia. "Wanauacha tu."

"London wana haya. Andika."

Mkono haukunyanyuka, dada. Nilisimama nimeupa umati mgongo, chaki inanivunjikia vidoleni. Kitwana akasema kwa sauti ya kusikika kwamba vijana wa kuandika wamejaa Kariakoo, wanalala kwenye baraza, na wengine wana mwandiko mzuri kuliko wangu. Bwana Maganlal akatoa kichwa nje na kikombe chake cha chai. Si mtu mbaya, mke wangu alipougua alinipa ruhusa ya wiki nzima bila kuninung'unikia. Akasema kwa upole kabisa, "Aikaeli, andika basi. Watu wanaziba mlango."

Hapo nikahisi mtu ananishika kiganja. Alikuwa Elia. Sikujua kama yumo kwenye umati.

"Lete, mdogo wangu," akasema, kwa ile sauti iliyobaki, kama karatasi inayochanwa. "Usipoteze kazi yako kwa ajili yangu."

Akachukua chaki. Akaandika jina lake, jina alilobatizwa nalo, na pembeni akaandika ametoka. Unajua Elia shule aliiacha mapema, herufi zake zinalala. Kitwana akamwambia watu wa nyuma hawaoni, aandike kwa herufi kubwa. Elia akafuta kwa kiganja cha mkono, akaandika tena, kubwa zaidi. Hapo umati ukapiga makofi. Walipiga makofi kama wehu, dada, hakuna wimbo aliowahi kuimba ukapigiwa makofi kama yale. Naye, kwa mazoea, akainama mbele yao kama mwimbaji anavyoinama. Akafuta chaki kwenye suti yake, akaondoka.

Siku ya pili nilimpeleka hospitali. Daktari alimtazama kooni kwa taa, akasema nyama ya ndani imechanika na kuota kovu. Ataongea. Kuimba, hapana. Akilazimisha, hata kuongea kutapotea. Alisema maneno hayo huku anaosha mikono, akaita mgonjwa mwingine. Elia aliniuliza kwa kunong'ona, "Amesema mpaka lini?" Nikamwambia daktari hakutaja siku. Nadhani alinielewa.

Wiki iliyofuata wimbo mpya ulishika nafasi ya kwanza London, wa vijana wenye magitaa, na watu walishangilia mno. Kitwana akaniambia nisiandike tena waimbaji wetu. Watu wamechoka nao, akasema, na sindano zimejaa majumbani mwao, hawanunui tena. Vizibo vilitupwa. Hata Juma hakupata kukaa juu zaidi ya kipindi kifupi. Nilichukua kitambaa cha maji nikafuta yale majina yote, na la Elia nalo, likatoka mara moja kama chaki nyingine yoyote. Hakuna aliyeuliza.

Mimi niko pale pale dukani. Ninaandika orodha ya London kila wiki. Kitwana hunisalimia vizuri, huniuliza habari za kaka, nami hujibu nzuri, kwa sababu nina mke na mtoto hapa na nyumba ni ya kupanga. Ukinichukia kwa hilo sitakulaumu.

Mama umwambie Elia amechoka na joto la pwani, ndivyo alivyoniagiza nimwambie. Umwambie pia amepata mafua, asishangae sauti. Mengine utaamua mwenyewe, wewe ndiye uliyetulea sote.

Salamu zangu kwa shemeji, na kwa watoto wako wote wawili. Msalimie mama mkubwa kule juu, mwambie blanketi lake nimelipata na huku nimelitandika chini, maana kujifunika haiwezekani. Baba mdogo mpe pole ya ndama wake. Na mwalimu wa kwaya, nisalimie kwa heshima zote, ila umwombe asije nyumbani kumwita Elia mazoezini. Najua atakuja siku hiyo hiyo akisikia amefika. Mzuie njiani, kwa uongo wowote utakaoweza.

Usimwombe aimbe. Mtu yeyote asimwombe, hata mama, hata siku ya Krismasi. Lakini naogopa atajaribu mwenyewe siku moja, akiwa shambani au anakata majani ya ng'ombe, akidhani hamsikii. Mkisikia sauti ile, msisimame kumtazama. Endeleeni na kazi zenu. Na watoto wako, dada, nawajua walivyo na furaha, uwakataze mapema. Wasimpigie makofi.

Ni mimi mdogo wako,
Aikaeli